Mti Mmoja na Wilbaro Ishirini za Mchanga

Jumamosi, saa moja asubuhi, binti yangu huwa amekwisha kuvaa viatu. Huvivaa mwenyewe, cha kulia katika mguu wa kushoto, kisha huja kusimama kando ya kitanda changu na kutamka neno moja tu: "Twende." Ana umri wa miaka miwili na miezi minne. Hasemi twende wapi. Kwa muda mrefu hata mimi sikuwa na jibu, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma mjini Kitui. Natengeneza malango, madirisha, vitanda vya mabweni na vibanda vya M-Pesa. Mke wangu ni muuguzi ng'ambo ya Mto Athi, huko Kibwezi, kaunti ya Makueni. Wikendi moja yeye huja Kitui. Inayofuata, mimi na mtoto huenda kwake. Siku za kazi mtoto hushinda na mama yangu, ambaye ni wajina wake. Kwa hivyo, kama ilivyo desturi yetu Wakamba, mimi humwita binti yangu Mwaitu, yaani mama yangu. Kwenye karakana sithubutu kumleta. Cheche za grainda hazichagui umri, na mwanga wa kuchomelea huumiza jicho kabla mwenye jicho hajajua. Jumamosi na Jumapili ndizo siku zetu.

Nilipowauliza wanaume wenzangu nimpeleke wapi, wengi walinijibu kwa swali: mtoto wa umri huo ataenda kuona nini? Mwache akue kwanza. Nimeishi na jibu hilo kwa karibu mwaka mzima, na sasa nasema wazi kwamba ni jibu baya.

Nilianza kama wazazi wengi wanavyoanza, kwa kulipa. Ilikuwa Pasaka. Uwanjani kulikuwa na yale majumba ya plastiki yanayojazwa upepo, shilingi 100 kwa dakika kumi, na muziki uliokuwa ukishindana na ngurumo ya jenereta. Ndani walikuwamo watoto wa miaka saba na minane wakiruka kwa nguvu zao zote. Mwaitu aliangushwa mara mbili kabla sijamtoa. Kumbe ng'ambo ya ua kulikuwa na punda watatu waliobebeshwa mitungi, na kijana mmoja aliyekuwa akiwajazia maji mtungi baada ya mtungi. Mwaitu alishika waya wa ua kwa mikono miwili, akatazama kazi ile hadi mtungi wa mwisho ulipofungwa. Nadhani tulikaa pale nusu saa. Hiyo haikulipiwa hata senti.

Baadaye nikajaribu bustani za hoteli. Ziko kadhaa mjini zenye bembea na bati la kutelezea, na sizilaumu kwa kuwa zinafanya biashara: meza haikaliwi bure, sharti uagize soda, na soda moja haitoshi asubuhi nzima. Lakini siku moja, yapata saa tano, binti yangu alipanda ngazi za mtelezo mmoja, akakaa juu na kujiachia. Alipofika chini alikuwa analia kilio ambacho sijapata kukisikia. Mapajani mlikuwa na alama mbili nyekundu. Nilikasirika kama baba, kisha nikauweka mkono wangu juu ya bati lile na kukasirika kama fundi.

Lilikuwa bati tupu, limepakwa rangi ya samawati iliyoiva, limesimama mahali pasipo na kivuli chochote. Kingo zake hazikusagwa. Mabomba ya miguu yaliachwa wazi juu, yakawa yanaingiza maji ya mvua na kuoza kutoka ndani, mahali ambapo hakuna anayeona mpaka siku yatakapokatika. Minyororo ya bembea ilikuwa na pete pana kiasi cha kuingia kidole cha mtoto, na mtoto akiketi pete hizo hubana. Aliyetengeneza vitu vile ni fundi kama mimi, pengine hodari kunishinda. Alipewa picha kutoka ng'ambo, akaambiwa atengeneze hivyo hivyo.

Hapo ndipo nilipoanza kulifikiria jua letu. Katika nchi za baridi, mafundi hushauriwa kuuelekeza mtelezo kaskazini ili usipate moto. Hapa Kitui tuko karibu mno na ikweta. Mchana jua hupita utosini; Juni limeegemea kaskazini kidogo, Desemba kusini kidogo. Bati halina upande wa kujificha. Kinachosaidia ni mti. Kabla ya kununua bomba hata moja, mtu anayetaka kuwajengea watoto wa Ukambani mahali pa kuchezea aanze kwa kutafuta mti uliokwisha kukua, mwembe, mkwaju, mkuyu au mgunga wenye matawi mapana, na vyuma vifuate mahali mti ulipo. Nimeona kinyume chake mara nyingi: mti unakatwa ili kiwanja kiwe safi.

Wiki ile nilimtengenezea Mwaitu bembea chini ya mwembe wa mama. Kiti nilikikata kwenye tairi la gari, badala ya mnyororo nikatumia kamba nene ya nailoni, na mahali pa kuning'inizia nikaweka beringi za zamani ili isipige kelele. Kazi ya jioni moja. Jumapili iliyofuata nilihesabu watoto kumi na mmoja uani kwetu, wawili kati yao sikuwajua hata kwa sura. Mama mmoja jirani aliniuliza kwa upole, "Fundi, hii utatutoza pesa ngapi?" Swali hilo lilinikaa moyoni. Mwanamke mwenye watoto watatu, anayeishi mtaa mmoja nami, alikuwa ameamini kwamba mtoto kubembea ni lazima kulipiwe.

Ni kweli kwamba wilaya zetu za zamani zina mambo ya kutazamwa, na watu wengi wa Nairobi huja kuyatazama. Jiwe la Nzambani liko kilomita chache kutoka mjini Kitui ukishika barabara ya Mutomo. Wazee husimulia kwamba ukilizunguka mara saba utageuka, mwanamume awe mwanamke na mwanamke awe mwanamume. Kuna ngazi za chuma za kupandia. Nilimpandisha Mwaitu mgongoni, nami njiani nikawa natazama viungo vya ngazi, maana fundi haachi kazi yake nyumbani. Juu kuna upepo mtamu na nchi yote imetandazwa mbele yako. Mtoto aliufunika uso wake shingoni mwangu akasema, "Chini." Tuliporudi chini alimkuta mjusi juu ya mwamba wa moto, mjusi anayefanya kama anayepiga pushapu, wakaangaliana wee. Mandhari ni chakula cha mtu mzima. Mtoto wa miaka miwili hula kilicho umbali wa mkono wake.

Aliyenifundisha zaidi kuliko wote ni mama mmoja ambaye hata jina sikumuuliza. Ilikuwa Agosti, tuko njiani kwenda Kibwezi kwa ile barabara ya lami inayopita Mutomo na Ikutha, ambayo imetuondolea mateso makubwa sisi wenye familia pande mbili za Athi. Gurudumu la matatu lilipasuka kabla ya Ikutha. Wakati dereva akihangaika, nilimshika Mwaitu mkono tukashuka kwenye kijito kilichokuwa kando ya barabara. Ni vile vijito vyetu ambavyo mwaka mwingi ni mchanga mtupu, mweupe, mpana kama barabara. Mama huyo alikuwa amepiga magoti kwenye shimo, anateka maji kwa kikombe na kuyamimina mtungini. Alimwona mtoto, akamwita kwa Kikamba asogee, akamkabidhi kikombe.

Sijui kama naweza kueleza vizuri kilichofuata. Mchanga wa juu ulikuwa wa moto, mtoto akaruka. Akachimba kidogo, ukawa baridi. Akachimba tena, ukawa na unyevu, ukishikana na kuitii mikono yake. Kisha kwenye shimo la yule mama yakawa maji, yanachujika polepole kutoka pembeni, yanajaa, yanatekwa, yanajaa tena. Mambo manne mahali pamoja, bila hatua moja ya ziada. Alikaa pale mpaka dereva akapiga honi mara ya tatu. Mama alicheka akasema huyu ana kazi ya kufanya, mwacheni amalize. Mvua za Novemba huingia kwenye mchanga ule, jua haliwezi kuyafikia maji yaliyo chini, na miezi mingi baadaye mtu bado anachota. Kila mtu mzima wa Ukambani analijua hilo. Binti yangu alilijua kwa vidole, na tangu siku hiyo tunapopita daraja la kijito chochote husimama kitini na kuonyesha.

Katika Kiswahili mtoto tunamwita mchanga, na anachokichezea pia tunakiita mchanga. Sina elimu ya kusema kama maneno hayo yana asili moja, lakini nimeyaona pamoja katika kijito kile, na yanapatana.

Ndiyo maana malori ya mchanga yananiuma mara mbili. Kwa miaka mingi mito ya Makueni na Kitui imekuwa ikichotwa kupelekwa kujengea majumba ya miji mikubwa, na mahali pengine pamebaki mwamba mtupu na mashimo. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi na kudhibiti uvunaji wa mchanga mwaka 2015, nami naipongeza. Ilitungwa kwa ajili ya maji, na maji yenyewe ni sababu tosha. Naomba tu anayesimamia sheria ile aongeze sababu ya pili kwenye daftari lake: mchanga wa mto ndio uwanja wa kwanza wa michezo wa watoto wetu, na wanaopoteza wa kwanza ni wale wasioweza kuandika malalamiko.

Mzazi anayesoma hapa na kutaka kumpeleka mwanawe mtoni, namwomba aende kiangazi, asubuhi, na mahali ambapo wachimbaji hawajaacha mashimo. Msimu wa mvua asikanyage kabisa. Mto wa mchanga hushuka na maji ya vilima vya mbali wakati mahali ulipo hapajanyesha hata tone, na mtoto wa miaka miwili hawezi kuyakimbia.

Kibwezi nako tumepata ya kwetu. Treni ya Madaraka Express imekuwa ikipita huko tangu 2017, na ile inayosimama kwenye vituo vya kaunti husimama Kibwezi. Sisi hatupandi. Tunasimama nje tukiingojea, tunaisikia, tunaiona, tunaipungia mkono, tunarudi nyumbani. Kuanzia maandalizi hadi kurudi ni saa mbili za furaha kamili, na mtoto huigiza honi yake wiki nzima. Siku nyingine tunafika Makindu, kwenye hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926. Unavua viatu, unafunika kichwa, na chakula hupewa kila anayefika, msafiri wa dini yoyote. Mwaitu alikula chapati na dengu akiwa ameketi sakafuni kati ya dereva wa lori na bibi mmoja wa Kihindi aliyempangusa kinywa kama mjukuu wake. Sijalisahau pendo lile.

Na kuna Wote. Nilipelekwa huko na kazi ya kufunga madirisha, nikaenda na mtoto kwa kuwa mama yangu alikuwa na wageni wa kanisa. Katikati ya mji ule kuna bustani ya umma, iliyotengenezwa wakati wa Gavana Kivutha Kibwana. Nyasi, vijia, viti, miti. Hakuna aliyeniuliza ninanunua nini. Kulikuwa na akina mama wawili waliotoka hospitalini na kadi za kliniki mkononi, wanafunzi waliolala na vitabu usoni, na watoto wanaokimbia. Mwaitu alijiviringisha kwenye nyasi mpaka nguo ikageuka rangi. Nilikaa kwenye kiti nikafikiri: kumbe inawezekana, tena hapa hapa Ukambani, kwa fedha za kaunti, katika mji usio mkubwa kuliko wetu. Nilirudi Kitui na swali ambalo sijalimaliza: na sisi je?

Uwezo tunao. Tarehe 20 Oktoba 2025, nchi nzima ilikuja Kitui kuadhimisha Mashujaa Dei katika uwanja wa Ithookwe. Uwanja ulitengenezwa, barabara zikashughulikiwa, mafundi wengi wa jua kali tulipata kibarua na tukashukuru. Siutoi mfano huu kulalamika. Nautoa kuonyesha kwamba tukiamua mahali pawe na sura mpya kufikia tarehe fulani, panakuwa. Mtoto wa miaka miwili naye ana tarehe yake, na huwa haisogezwi mbele. Akishafika mitano, ile miaka imekwisha.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Aprili 2019 kuhusu watoto wa chini ya miaka mitano. Lilisema mtoto wa mwaka mmoja au miwili anahitaji angalau dakika 180 za kuchezesha mwili kila siku, asifungwe au kukalishwa mahali pamoja zaidi ya saa moja kwa mfululizo, na wa miaka miwili asitazame skrini zaidi ya saa moja kwa siku. Wa mwaka mmoja asitazame kabisa. Mke wangu aliponisomea nilihesabu siku ya Mwaitu kwa mama. Simu ya katuni wakati wa kupika, simu wakati wa kufua. Simlaumu mama yangu, ana miaka sitini na minane na magoti yake yanamuuma. Ukimwambia asitumie simu, sharti umwonyeshe mahali pengine pa kumweka mtoto palipo karibu, penye kivuli na pasipo na bodaboda.

Nimekwisha kusema habari za baba mwenye Jumamosi. Wengi hawana Jumamosi. Nenda sokoni, Kitui, Mwingi, Wote au Emali, uiname utazame chini ya meza za mboga. Watoto wa miaka miwili wamejaa pale. Wengine wameketi ndani ya katoni, wengine wamefungwa leso mgongoni kuanzia alfajiri. Mama anauza nyanya kwa mkono mmoja, wa pili ameshika gauni la mtoto asikimbilie barabarani. Nenda kliniki siku ya chanjo. Mke wangu huniambia kwamba kinachowachosha akina mama si sindano, ni saa tatu za kungoja na mtoto ambaye hana pa kuweka miguu yake. Hao ndio watoto wa mjini. Matembezi yao ni soko na kliniki. Basi mchezo na uwafuate huko.

Na jambo hili lina mwenyewe kisheria. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linagawa kazi za serikali kuu na za kaunti. Kwenye fungu la kaunti zimeandikwa bustani na mahali pa burudani. Kwenye fungu hilo hilo zimeandikwa elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Kazi zote mbili, nyumba moja, gavana mmoja. Mwakilishi wa wadi akikuambia kwamba michezo ya watoto ni ya serikali ya Nairobi, mwonyeshe jedwali hilo kwa heshima.

Najua watakaosema. Mzee mmoja, rafiki wa marehemu baba, alinikalisha chini akaniambia, "Mwanangu, watu wanatembea na punda nusu siku kutafuta maji, nawe unaomba bembea?" Nilimsikiliza mpaka mwisho kwa sababu alisema kweli, na kwa sababu yeye mwenyewe amechimba mitaro ya mabomba ya maji kwa mikono yake. Lakini sidhani bembea inachukua maji ya mtu. Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu cha 31 kinataja mchezo kama haki, hakikuongeza maneno kwamba ni katika nchi zenye mvua tu. Tena watoto wa ukame ndio wanaokua upesi kuliko wengine. Akifika miaka sita au saba wengi wao tayari wanabeba mtungi. Ile miaka miwili, mitatu ya kabla ya mtungi ni yao. Mzee hakukubali siku ile. Wiki mbili baadaye alimleta kitukuu wake chini ya mwembe wetu.

Mwenye shule moja ya chekechea aliwahi kunitumia picha kwenye simu, akitaka nimtengenezee kitu kama hicho: mabomba yaliyokunjwa nusu duara, na shimo la mchanga lenye ukingo mfupi wa zege. Nilitafuta asili yake. Ni kazi ya msanifu majengo wa Uholanzi, Aldo van Eyck, aliyeanza mwaka 1947 akiifanyia kazi manispaa ya Amsterdam, miaka miwili baada ya vita kwisha, wakati ambapo mji haukuwa na fedha na vipande vingi vya ardhi vilikuwa vimeachwa wazi. Hakungoja kupewa uwanja mkubwa. Alichukua pembe ya barabara, pengo kati ya nyumba mbili, kipande ambacho gari halikuweza kuegeshwa, akaweka mchanga, vyuma vichache vya kuning'inia na kubingirikia, viti vya wazazi na mti. Wakazi wa mitaa mingine walipoona, wakaiandikia manispaa wakiomba cha kwao. Kufikia miaka ya 1970 alikuwa amesanifu zaidi ya viwanja 700. Niliitazama picha ile kwa muda. Vitu alivyovitumia sana ni mchanga na bomba. Sisi Ukambani tuna mchanga kuliko Uholanzi, na mafundi wa bomba tumejaa kila stendi.

Nimepiga hesabu kama ninavyompigia mteja yeyote. Shimo la mchanga la mita mbili kwa mbili, kina sentimita 30, linahitaji wilbaro ishirini hivi, si lori. Chini liwekwe kokoto ili maji ya mvua yapite. Juu liwe na turubai la kufunika usiku, maana paka wataligeuza choo. Mabomba sita ya inchi mbili, yenye urefu wa mita sita sita, yanatosha fremu ya bembea mbili fupi na matao mawili ya kupandia. Miguu iingie ardhini nusu mita na kufungwa kwa zege. Mifuko mitano ya simiti. Ncha za mabomba zizibwe. Viti viwe vya mpira, kamba si mnyororo. Mtelezo, kama ni lazima uwepo, uwe mfupi na uwe wa mbao laini. Pazungushiwe ua wa waya wenye lango linalofungwa kwa juu, kwa sababu mtoto wa umri huu hukimbia kwanza halafu ndipo hutazama. Benchi mbili za mabibi. Tangi dogo lenye mfereji wa kunawa mikono. Kazi ya kuchomelea ni siku tatu, mtu mmoja na msaidizi. Vyote hivyo pamoja havifikii bei ya lango ninalomtengenezea mwenye nyumba ya ghorofa.

Kimoja kando ya kila soko, kimoja kwenye kila kituo cha afya chenye kliniki ya watoto. Kitui tulihesabiwa watu 1,136,187 katika sensa ya 2019, Makueni 987,653. Kaunti zenye watu milioni mbili na zaidi hazikosi ardhi ya mita kumi kwa kumi chini ya mti. Ulinzi wake wakabidhiwe akina mama wa soko wenyewe, ambao kamati zao nimeziona zikitunza vyoo na taa vizuri kuliko mkandarasi yeyote.

Kabla wakati huo haujafika, nawashauri akina baba wenzangu. Amkeni mapema, saa moja hadi saa tatu na nusu asubuhi, kisha tena baada ya saa kumi na nusu jioni, maana katikati ni jua. Bebeni maji na kofia. Msitafute mbali. Mtembezeni mtoto mpaka kwa fundi viatu, kwa anayesaga mahindi, kwa mbuzi wa jirani. Mkiulizwa mama yake yuko wapi, kama ninavyoulizwa mimi kila mara kwenye stendi, jibuni kwa adabu kwamba yuko kazini na leo mtoto yuko na baba yake. Mvua za kwanza za Novemba zikinyesha na kumbikumbi wakatoka ardhini jioni, tokeni nje wote.

Kwa afisi za kaunti zote mbili, na kwa wawakilishi wa wadi wanaosoma gazeti hili: mimi niko Kitui mjini, na kiwanja cha kwanza nitakichomelea bila kudai ujira, kiwe Kitui au Makueni. Mchanga nitaomba kibali nikaulete kwa wilbaro. Nionyesheni mti.